Shangazi, nimemkimbia mume, sasa matroni ananipangia nywele

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa Mbeya mjini, kwenye nyumba ya hifadhi ya akina mama na watoto. Jina la nyumba sitalitaja, maana hapa tunaambiwa hata ndugu wasijue tulipo. Nilitoka kwa mume wangu huko Rungwe usiku, mimi na watoto wawili, wa kike ana miaka 13 na wa kiume ana 7. Nilitoka na nguo niliyovaa, mfuko wa madaftari ya watoto na vitana vyangu, kwa sababu kazi yangu ni ususi. Polisi wa Dawati la Jinsia walitupokea vizuri, wakatupeleka ustawi wa jamii, na ustawi ndio waliotuleta hapa. Tunakula, tunalala bila mtu kuvunja mlango, namshukuru Mungu na walezi wa hapa. Usinione sina shukrani.

Shida yangu ni mavazi. Ukiingia tu, mlangoni pamebandikwa lile bango la picha linalokaa kwenye ofisi za serikali, la nguo zilizopigwa alama ya X. Chini yake matroni ameongeza ya kwake kwa kalamu: mwanamke asivae suruali hata ya kulalia, asipite koridoni na kanga moja, asiwe na rasta wala wigi, asipake lipstiki wala rangi ya kucha. Kila asubuhi baada ya sala tunasimama mstari, anapita akituangalia mmoja mmoja.

Tatizo lilianza na kanga. Nilitoka bafuni nimejifunga moja kifuani kama nilivyozoea nyumbani, na chumba chetu kiko mwisho wa korido. Kuna mama mtu mzima tunalala naye chumba kimoja, ana kijana wa miaka 15 anayelala na wavulana wenzake chumba cha mbele. Akanisema mbele za watu kwamba namharibia mtoto. Nikamjibu kuwa macho ni ya mwanawe, amfundishe. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na vitanda vyetu vinatazamana.

Likafuata la binti yangu. Baridi ya Juni ya huku unaijua. Huwa analala na taiti na suruali ya michezo juu yake, na zoea hilo alianza tangu kwa baba yake. Matroni alimfuata kitandani na tochi, akamwambia avue avae gauni. Mtoto alilia mpaka kukakucha, nikimuuliza hasemi.

Lililonifanya nishike kalamu ni nywele. Nimesuka rasta ndefu, za mbele nilijisuka mwenyewe na za nyuma akanimalizia mwenzangu wa humu ndani. Kuna mama mwenye saluni Mwanjelwa amekubali nianze kazi kwake, na amesema wazi kwamba anataka msusi anayependeza, maana mteja akiingia anamwangalia msusi kichwani kwanza. Matroni amenipa mpaka Jumapili nizifumue, la sivyo nitafute pa kwenda. Anasema haya ni maadili ya Kitanzania, kwamba mwanamke mwenye matatizo hajirembi, na kwamba wafadhili wakija wakaziona watasema hatuna shida.

Shangazi, mume wangu alinikata nywele kwa mkasi wa kushonea kwa sababu nilipendeza kwenye harusi ya mdogo wangu. Magauni yangu aliyachoma uani watoto wakiangalia. Sasa nikisimama kwenye ule mstari wa asubuhi na mtu ananipima toka kichwani mpaka miguuni, mwili unatetemeka vile vile. Wenzangu wananiambia nifumue yaishe, nywele ni nini bwana. Mwingine kaniambia kama masharti yananishinda nirudi kwangu. Nifanyeje?

Ndaga fijo,
Mama wa wawili, Mbeya

Marahaba mwanangu, poleni sana wewe na wanao.

Huyo aliyekuambia urudi, usimsikilize hata kidogo. Ulichokimbia hakifanani na matroni mkali, na nisingependa hasira ya mstari wa asubuhi ikusogeze hata hatua moja kuelekea Rungwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mume hana haki ya kumpa mkewe adhabu ya kumpiga, wala mke mumewe. Tena nakuuliza: Dawatini ulieleza habari ya mkasi na ya magauni? Wanawake wengi wakifika polisi husimulia makofi na mateke, nguo zilizochomwa wanaziacha kwa kuona ni jambo dogo. Kumshika mtu mzima ukamkata nywele zake kwa nguvu ni kumdhuru, na kuchoma nguo zake ni kuharibu mali yake. Hata gauni alilokununulia mwenyewe, sheria hiyo hiyo ya ndoa inalichukulia kuwa ni lako mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Kama hukuyasema, rudi ukayaongeze kwenye maelezo. Na kama kuna vitu vyako bado viko kule, waulize polisi namna ya kwenda kuvichukua wakiwa na wewe, usiende peke yako wala usimtume mtoto.

Sasa mavazi. Katika nyumba mnayokaa watu wa familia tofauti lazima kuwe na masharti, hilo hatubishani. Mimi sharti lolote la namna hiyo naliuliza linamlinda nani. Likiwa linamlinda mtu unayepishana naye koridoni, naliheshimu hata kama linaniudhi. Likiwa lipo ili watu wa nje wakuone wewe ni mwanamke wa aina fulani, hapo naanza kubisha. Masharti ya matroni wako yamechanganya yote mawili kwenye karatasi moja, ndiyo maana na wewe umeyakataa yote kwa pamoja.

Kwenye kanga, mwanangu, niko upande wa yule mama. Namna alivyokusema ilikuwa mbaya, mbele za watu, na angeweza kukuita pembeni. Ila jambo lenyewe ana haki nalo. Nyumbani kwako korido ilikuwa ya kwako. Hiyo ya sasa wanapita watoto wa watu, anapita mlinzi, wanapita wanawake ambao pengine wamefanyiwa mambo ambayo hawajawahi kuyasimulia, na kila mmoja anajaribu kupata mahali ambapo hatakutana na asichokitarajia. Halafu mfikirie huyo kijana. Katika nyumba ya akina mama, mvulana wa miaka 15 ndiye wa kwanza kuonekana tatizo. Likitokea neno lolote, hata la kusingiziwa, atakayeambiwa atafutiwe mahali pengine ni yeye, na mama yake anajua. Ulipomwambia “macho ni ya mwanawe” ulimgusa palepale anapoogopa: kutenganishwa na mtoto wake baada ya yote aliyopitia. Ukali wake ulitoka huko.

Kwa hiyo mfuate. Msalimie kwanza, shikamoo mama, kisha mwambie hukumaanisha kumsema kijana wake. Huna haja ya hotuba ndefu. Na uingie bafuni na dera lako begani, utoke umelivaa. Madera ya mtumba hayakosekani Mbeya, na wanaoleta nguo za msaada huleta pia. Mkiweza kumwomba fundi apige misumari miwili mitatu nyuma ya mlango wa bafu, nguo zikatundikwa bila kulowa, mtakuta nusu ya ugomvi wa kanga umekwisha. Mara nyingi mtu hutoka na kanga moja kwa sababu ndani hamna pa kuweka nguo kavu.

La binti limenikera, na nitasema bila kupindisha. Mtu mzima kwenda na tochi kwenye kitanda cha mtoto wa miaka 13 usiku na kumwamuru avue nguo ni kosa, hata kama nia ilikuwa kufuata utaratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, hata unapofanywa na taasisi. Maslahi ya mtoto gani yanalindwa kwa kumvua suruali Mbeya mwezi Juni? Mji huo uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu wa huko wanalala na soksi na sweta, na hakuna anayewaambia wamekosa maadili.

Tena kuna jambo zaidi ya baridi. Umesema zoea hilo alianza kwa baba yake. Watoto waliokulia kwenye nyumba ya vurugu wengi hulala wamevaa kamili, tayari kukimbia. Wengine huona nguo mbili juu ya mwili ni ulinzi, na wana sababu zao. Sikuambii kuna kilichotokea. Nakuambia usimbane kwa maswali. Kaa naye mkisukana nywele au mkichambua mboga, mwambie tu kwamba suruali zake ni ruhusa, na kwamba siku akitaka kusema lolote hutamkasirikia. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akisema kitu kinachokutisha, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya kusaidia watoto, haitozi hela. Matroni naye aambiwe, kwa heshima na bila kuyumba, kwamba usiku mtoto huyo asiguswe wala kumulikwa. Akiwa na neno, aje kwako mchana.

Sasa nywele. Nimezisoma sababu zake tatu, na hakuna hata moja inayonitosha.

Lile bango la mlangoni ni la watumishi. Serikali ilitoa Waraka wa Utumishi namba 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya mtumishi wa umma awapo kazini, mtu anayelipwa mshahara na kukaa mbele ya wananchi. Wewe hapo hujaajiriwa. Hapo ndipo unapolala, unapoogea, unapolia. Bango la kaunta halina kazi kwenye mlango wa bweni la watu waliokimbia kupigwa.

Maadili ya Kitanzania, anasema. Neno hilo limeshatumika sana kwenye vichwa vya wanawake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kule Dar es Salaam, wigi zikapigwa marufuku pamoja na sketi fupi, mikorogo na suruali za kubana. Walioteseka zaidi walikuwa wasichana wafanyakazi, waliosumbuliwa na makundi ya vijana kwenye vituo vya mabasi Kariakoo wakiwa kwenye safari zao za kila siku. Wigi haikwenda popote, iko Mwanjelwa na iko bungeni. Wanawake wa Nyanda za Juu wamesuka tangu bibi zetu, kwa uzi, kwa mkono mtupu, na sasa kwa rasta za pakiti. Ususi wako ni kazi halali, na wateja wako ni hao hao walimu, manesi na mama wachungaji ambao matroni anawaheshimu.

Hili la wafadhili ndilo linaloniuma kuliko yote. Eti mtu akipendeza atasemwa hana shida. Kwa hiyo ili upewe uji na godoro lazima kwanza ufanane na msiba? Nimeona haya makanisani, hospitalini, kwenye ugawaji wa nguo: mwenye shida anatakiwa aje mchafu kidogo, akija amejitengeneza ananong’onwa. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Haimtoi aliyepokelewa kwa hisani. Nami nauliza swali jingine. Ninyi mmekatazwa kuwaambia hata ndugu mahali mlipo. Wageni wanafuata nini ndani mpaka waone nani kasuka nini? Nyumba ya siri haifai kuwa ya kutembezwa watu, na mkipangwa kwa ajili ya picha mna haki ya kukataa, ninyi na watoto wenu.

Hata hivyo yapo mawili kuhusu kichwa chako ambayo matroni angeweza kuyasema nikamuunga mkono, na hakuyasema.

Moja ni afya. Watoto wengi wakilala pamoja, mapunye na chawa husambaa haraka, na kitana cha kuazimana ni njia mojawapo ya kuvieneza. Sharti la kila mtu kuwa na kitana chake na kofia yake ningelitia sahihi leo. Wewe ni msusi, unajua kuliko matroni namna ya kukagua ngozi ya kichwa. Jitolee kwa hilo siku za Jumamosi kwa watoto wa humo ndani. Lina faida kwao, na wewe utajulikana humo kwa kazi ya mikono yako badala ya ugomvi wa rasta.

La pili ni usalama wako, na hapa nakuomba usome mara mbili. Kutoka Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, hadi Mbeya ni kama kilomita 70. Koster zinashusha watu wa Rungwe mjini siku nzima, na wengi wao safari yao ni ya sokoni Mwanjelwa. Mumeo anakujua kwa kazi yako, na akitaka kukutafuta atapita kwenye saluni kabla ya kwenda popote. Je, alikuwa anakujua na rasta hizo hizo? Kama ndiyo, basi suka mtindo mwingine kabisa, kwa hiari yako mwenyewe na kwa sababu hiyo tu. Unapotoka funga kilemba au vaa kofia ya sufu, kila mtu huko anavaa wakati wa baridi na hutaonekana wa ajabu. Usivae kitenge alichokuzoea nacho. Mwambie mwenye saluni ukweli kiasi cha kutosha ili akupe kiti cha ndani, usisukie barazani, na asikupige picha za kuweka kwenye simu kuonyesha kazi. Picha ya mtindo aipige kwa nyuma, bila uso wa msusi. Haya yazungumze na afisa ustawi kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ikibidi usubiri kidogo au utafutiwe saluni mtaa mwingine, subiri.

Ukishajua hayo, nenda ukazungumze, kabla ya hiyo Jumapili. Anza na afisa ustawi aliyekupeleka, kwa simu au kwa miguu. Mwambie umepewa siku ya kufumua nywele au kuondoka, na kwamba una kazi inayokusubiri. Waliokuweka hapo ni wao, na haifai familia yenye watoto wawili itolewe bila wao kujua. Omba awepo mkikutana na matroni. Usilizungumze kwenye mstari wa asubuhi, maana pale kila mtu anatetea cheo chake. Omba muda baada ya chakula cha mchana, mkae chini.

Na ukikaa, mwambie habari ya mkasi. Najua ni vigumu. Nadhani matroni hajui kwamba anaposimama mbele yako na kukupima anasimama pale pale aliposimama mumeo. Watu wengi wanaoendesha nyumba hizi wamekuja kwa moyo, wanalipwa kidogo au hawalipwi, wanaogopa msaada ukikatika watawalisha nini. Hofu hiyo inawafanya washike nidhamu ya nywele, kwa kuwa nywele wanaziona na wanaweza kuziamuru. Akisikia yaliyokupata anaweza kubadilika. Asipobadilika, afisa ustawi atakuwa amesikia.

Utaniuliza, je Jumapili ikifika kabla hujapata jibu? Nitakujibu kama mzazi. Ikiwa kweli kweli mbele yako kuna mambo mawili tu, kufumua au kulala nje na watoto, basi fumua, uzihifadhi rasta zako vizuri, Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwa ustawi. Utasuka tena. Hutakuwa umeshindwa na mtu. Lakini usifumue leo kwa sababu wenzako wamechoka kusikia habari yako.

Matroni, kama barua hii imekufikia, wakalishe wakazi wako chini muandike masharti upya pamoja. Mtashangaa ni mangapi watayataka wao wenyewe: nguo kamili koridoni, wageni wasiingie vyumbani, taa ya bafuni iwake usiku. Ule mstari wa asubuhi ufute. Salimianeni tu, kila mtu akafanye kazi zake.

Nawe mama wa wawili, ukienda kwenye kikao hicho anza na suruali za binti, nywele zako zifuate baadaye. Za mtoto hazina mjadala, na baridi ya Julai ndiyo kwanza inakuja.

Shangazi